Kabla ya Kununua Altaneta, Pima Ethi

Gari la zamani likianza kusumbua umeme, mwenye gari huwa anajua mapema atakachoambiwa gereji: betri imekufa. Betri mpya ikifungwa na tatizo likarudi, zamu ni ya altaneta. Baada ya altaneta ni stata, kisha sensa moja baada ya nyingine, na mwishowe, fedha zikiwa zimekwisha, lawama humwangukia aliye mbali kabisa, kompyuta ya injini. Vifaa hivyo vyote vina bei, vinapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, na fundi anaweza kukuonyesha kwa kidole. Kisichouzwa dukani ni ile sehemu ndogo ambapo waya hasi umekazwa kwa bolti kwenye bati la bodi au kwenye chuma cha injini, ambayo mafundi huiita ethi. Ninashikilia kwamba katika gari lililovuka miaka ishirini, hasa lililowahi kunyooshwa bodi na kupigwa rangi upya, ethi ndiyo ya kupimwa kwanza, kabla senti moja haijatoka kwa ajili ya kifaa kipya. Hesabu ya umeme yenyewe ndiyo inayoelekeza huko.

Umeme wa gari hutoka nguzo chanya ya betri, ukapita kwenye fyuzi, swichi na waya hadi kwenye taa au stata, na ukishafanya kazi yake ni lazima urudi nguzo hasi. Usiporudi, hautoki. Watengenezaji wangeweza kumpa kila mtumiaji wa umeme waya wa pili wa kurudia, lakini shaba ni ghali na ina uzito, ilhali bodi ni chuma kinachofika kila pembe ya gari. Kwa hiyo bodi ikafanywa njia ya kurudia. Magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960 yalifunga nguzo chanya kwenye bodi. Siku hizi karibu kila gari utakalokutana nalo barabarani hufunga hasi, na kanuni ni ileile. Injini nayo ina jambo lake: imekalishwa juu ya mipira ili mtetemo usifike ndani, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana kuna waya mnene au mkanda wa nyaya zilizosukwa unaotoka injini au giaboksi kwenda kwenye bodi au betri. Ukikatika huo, injini nzima inabaki kisiwani.

Sasa tufanye hesabu. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kati ya ampea 100 na 200 inapozungusha injini, tuchukue 150. Tuseme kutu iliyo chini ya bolti moja ya ethi imeleta ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma. Ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 hupotelea kwenye bolti hiyo, na wati 225 zinageuka joto mahali padogo kuliko shilingi. Betri nzima iliyojaa ina volti 12.6, na chini ya mzigo wa stata hushuka hadi karibu 11 au chini kidogo. Ukitoa hiyo 1.5, stata inabaki na 9 na ushei, inazunguka kwa kujivuta, na kila aliye karibu anasema betri imekufa. Lakini pitisha umeme wa balbu moja ya breki, chini ya ampea 2, kwenye bolti ileile: kinachopotea ni volti 0.02, na taa inang'aa kama kawaida. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Taa zinawaka, redio inaimba, honi inalia, kwa hiyo ethi ni nzima, wanasema. Ethi haipimwi kwa mzigo mdogo.

Taa kubwa za mbele ziko katikati ya hayo mawili, na hapa jambo linahusu usalama. Balbu mbili za halojeni za wati 55 huvuta takriban ampea 9 kwa pamoja. Ikiwa zinarudi kwenye ethi moja yenye ukinzani wa omu 0.1, karibu volti moja nzima inapotea. Mwanga wa halojeni haupungui kwa kiwango sawa na volti, unaporomoka kwa kasi zaidi: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Dereva anayeona barabara imefifia hununua balbu za wati 100, ambazo huvuta umeme mwingi zaidi kupitia bolti ileile mbovu, zikaunguza soketi, na mwanga usiongezeke kwa kiasi alicholipia. Usiku, kwenye barabara yenye malori yasiyo na viakisi, hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya balbu.

Taa za nyuma ndizo zinazoonyesha ugonjwa huu waziwazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Simama nyuma ya gari lenye ethi mbovu upande mmoja, mwambie mtu awashe taa ndogo kisha indiketa. Upande mzima, indiketa hupepesa na taa ndogo hutulia. Upande mbovu, indiketa inawaka hafifu, taa ndogo inapepesa nayo, na ukikanyaga breki, taa inayotakiwa kuongeza mwanga inapunguza. Sababu ni kwamba balbu ya nyuzi mbili, ule wa wati 21 wa breki na ule wa wati 5 wa taa ndogo, hutumia ethi moja. Ethi hiyo ikifungwa na kutu, umeme wa breki unatafuta njia nyingine ya kurudi, unaingia kinyumenyume kwenye uzi wa taa ndogo, unatokea kwenye balbu za jirani na kurudi kupitia ethi zao. Hakuna balbu iliyokufa hapo wala fyuzi iliyoungua. Mambo kama haya hutokea pia injini inapokosa mkanda wake: umeme wa stata hupita kwenye kebo ya mafuta au kebo ya gia, kwa kuwa ndizo chuma pekee kinachounganisha injini na bodi, na kebo hizo hupata moto hadi ganda lake la plastiki likayeyuka. Mwenye gari hununua kebo mpya, nayo ikaungua vilevile.

Kuna athari isiyoonekana kwa macho, nayo hula mafuta. Chukua sensa ya oksijeni ya aina ya zamani, yenye waya mmoja, ambayo ethi yake ni bomba la moshi lenyewe. Sensa hiyo hutoa kati ya volti 0.1 na 0.9, na kompyuta huamua kama mchanganyiko una petroli nyingi au kidogo kwa kuangalia kama namba iko juu au chini ya 0.45 hivi. Ikiwa ethi ya kompyuta ina kasoro, na kwa hiyo kompyuta imeinuliwa volti 0.2 juu ya chuma cha injini, kila isomacho kinapungua kwa 0.2. Mchanganyiko ulio sawa unaonekana mkavu, na kompyuta inaongeza petroli. Hapo sensa hubadilishwa, plagi hubadilishwa, chujio hubadilishwa, na ulaji wa mafuta unabaki palepale. Sensa inasema kweli. Anayeisikiliza ndiye aliyesimama mahali pasipo sawa.

Kwa nini ethi zinachakaa? Kutu ndiyo jibu la kwanza, na pwani ya Tanga, Mombasa au Unguja chumvi ya hewani huiharakisha. Waya wa shaba ukikutana na bati la chuma penye unyevunyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa palepale panapogusana. Mvuke wa asidi ya betri nao huacha unga wa kijani na mweupe unaopanda ndani ya ganda la waya, shaba ikageuka nyeusi sentimita kadhaa kutoka kichwani huku ganda la nje likionekana zima. Hata hivyo, kwetu huku mikono ya watu ina sehemu kubwa. Gari linanyooshwa bodi, linapigwa rangi, na bolti ya ethi inarudishwa juu ya rangi mbichi, nayo rangi ni kizuizi cha umeme. Injini inabadilishwa, na ule mkanda uliosukwa unabaki kwenye injini iliyotolewa kwa sababu gari liliwaka bila huo. Anayefunga alamu au redio anachomeka waya wake chini ya skrubu yoyote aliyoiona karibu. Kila moja ya kazi hizo inaonekana nzuri siku ya kukabidhiwa gari.

Kuzitafuta ethi si kazi ya kubahatisha. Chukua Toyota Corolla 110 ya injini ya 5A-FE, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na nafasi yake kuchukuliwa na toleo jipya mwaka 2000, kwa hiyo hata la mwisho limeshapita miaka ishirini. Anzia nguzo hasi ya betri na ufuate waya kwa mkono: unakwenda kwenye bati la bodi karibu na betri, na mwingine mnene unateremka kwenye giaboksi. Kisha tafuta nyaya zilizokazwa kwenye manifoldi ya hewa, juu ya injini. Hizo ni za kompyuta, na ndizo zinazosahaulika mara nyingi injini inapofunguliwa. Ndani ya gari, ondoa plastiki za pembeni miguuni, kulia na kushoto, utakuta bolti zenye nyaya kadhaa pamoja. Za taa za nyuma ziko ndani ya buti, kwenye bati nyuma ya kitambaa. Toyota hutumia waya mweupe wenye mstari mweusi kwa ethi, na katika michoro yake ya umeme kila ethi imepewa herufi: inayoanza na E iko kwenye chumba cha injini, I iko upande wa dashibodi, B iko sehemu nyingine ya bodi. Magari ya Kijerumani hutumia waya wa kahawia, ya Kiingereza ya zamani mweusi. Hakuna haja ya kufungua zote. Waya wa betri kwenda bodini, waya wa kwenda injini, na ethi ya kifaa kile kinachosumbua, hizo tatu zinatosha kuanzia.

Upimaji wenyewe ni wa dakika chache na unahitaji multimita ya bei nafuu. Chomoa fyuzi ya mfumo wa petroli, ile iliyoandikwa EFI, ili injini izunguke bila kuwaka. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha chini. Ncha moja ikae juu ya nguzo hasi yenyewe, kwenye risasi ya betri, si kwenye kibano kinachoishika. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala mafuta. Mwenzako apige stata kwa sekunde tatu nne, nawe usome. Isipozidi 0.2, njia ya kurudi ni nzima, na sasa una haki ya kumshuku stata au betri. Ikizidi hapo, na hasa ikifika 0.5 au zaidi, anza kuhamisha ncha ya pili hatua kwa hatua ukirudi kuelekea betri: kwenye kichwa cha waya upande wa injini, kisha kwenye kibano cha betri. Namba itaporomoka ghafla mahali fulani, na kasoro iko kati ya mahali hapo na pale ulipotoka. Mara nyingi hutakwenda mbali. Namba kubwa kati ya nguzo na kibano chake, vitu viwili vinavyogusana, huonyesha kwamba yote yamo katika utando wa kijivu usioonekana mpaka kibano kitolewe. Kwa taa na vifaa vidogo fanya hivyohivyo vikiwa vimewashwa, na ukubali 0.1 tu.

Mafundi wengi watapinga hapa kwamba wao hupima waya kwa kipimo cha omu, mita ikasoma sifuri au ikalia, na kazi imekwisha. Kipimo hicho kinafaa kutafuta waya uliokatika kabisa, lakini kwa ethi kinapotosha. Mita inapopima omu hupitisha umeme mdogo mno, kiasi cha sehemu moja ya elfu ya ampea au chini yake, na waya uliobakiza uzi mmoja mzima kati ya hamsini utaupitisha bila shida. Isitoshe, nyaya za mita zenyewe zina ukinzani wa omu 0.1 hadi 0.3, mara kumi na zaidi ya kasoro tunayoitafuta. Kupima volti zinazopotea wakati mzigo unavuta ndiyo njia pekee inayoiuliza ethi swali ambalo barabarani itaulizwa.

Kuifanya upya ni kazi ya spana namba 10, msasa na brashi ya waya. Toa waya hasi wa betri kwanza, na uurudishe mwisho. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri sekunde 90, na nyaya zake, ambazo kwa kawaida zina ganda au soketi za njano, usiziguse kabisa. Fungua bolti, sugua bati hadi chuma king'ae kwa upana wa kichwa cha waya, kisha sugua kichwa chenyewe pande zote mbili. Halafu rudisha ganda la waya nyuma kidogo uangalie shaba. Ikiwa nyekundu, umemaliza. Ikiwa nyeusi au kijani, kata mpaka ufike shaba safi, au badilisha waya wote, na kichwa kipya kibanwe kwa koleo lake, kwa sababu kugongwa kwa nyundo kunaacha mwanya wa maji. Weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi au mafuta ya mgando juu ya kila kitu. Wapo wanaoogopa kwamba grisi inazuia umeme. Ni kweli haipitishi, lakini bolti ikikazwa, vilele vya chuma huisukuma pembeni na kugusana. Inayobaki hujaza nafasi ambazo maji yangeingia. Rangi nayo ipakwe mwisho, juu ya bolti iliyokwisha kukazwa. Ukinunua waya mpya wa betri, wa hasi usiwe mwembamba kuliko wa chanya, maana umeme uleule unapita kote kuwili, na ukwangue ncha yake kwa kisu kabla ya kulipa. Ikitokea rangi nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba.

Wengine wanaona haya yote ni mzunguko mrefu: funga waya mmoja mnene wa ziada kutoka betri hadi injini, basi. Waya huo una faida na siupingi. Ila unasaidia stata na altaneta tu. Ethi za taa za nyuma, za dashibodi na za kompyuta zinabaki na kutu zao, na siku waya wa ziada utakapolegea, ule wa asili utakuwa umeshakufa bila mtu kujua. Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, kwamba betri hufa kweli, na katika joto letu hufa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Hilo nalikubali moja kwa moja. Altaneta nazo huchoka. Lakini kupima ethi hakugharimu chochote ila muda, na betri mpya ikifungwa kwenye ethi mbovu haichajiwi sawasawa, kwa kuwa umeme wa altaneta unarudi kwa njia hiyohiyo iliyoziba. Altaneta inaweza kutoa volti 14.2 mgongoni mwake huku betri ikipokea 13.4. Betri inayoishi hivyo haijai, na isiyojaa haimalizi muda wake. Kwa hiyo hata pale ambapo betri ndiyo iliyokufa, ethi inaweza kuwa ndiyo iliyoiua.

Utakapopeleka gari kwa fundi umeme, usimwombe aangalie ethi, kwa sababu ataiangalia kwa macho na kukujibu iko sawa. Mwombe aweke ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye injini, apige stata, na akuonyeshe namba. Iandike pamoja na tarehe, ukutani au kwenye simu, na mwakani mpime tena hapohapo. Ikizidi 0.2, usimruhusu anunue kifaa chochote mpaka ishuke.